Niuze kiwanja cha marehemu baba niende Ufaransa kucheza raga?

Anti, shikamoo.

Naomba uniwie radhi kwa barua ndefu, mambo yenyewe yameshikana, nikikata moja lingine halieleweki.

Mimi ni kijana wa miaka 23. Naishi Mbagala Rangi Tatu na mama pamoja na wadogo zangu wawili, mmoja yuko kidato cha pili, mwingine darasa la sita. Baba alifariki mwaka 2019. Kazi yangu ni fundi umeme wa magari. Nilianza kama saidia fundi pale mtaa wa Gerezani kwenye gereji nilipomaliza kidato cha nne, sasa hivi nina wateja wangu mwenyewe, ila cheti sina. Siku ikichangamka naondoka na elfu thelathini, siku ikilala naondoka na nauli.

Raga imenikuta ukubwani. Mteja mmoja alileta gari altaneta imekufa, akaniona nimebeba betri mbili za lori, moja kila mkono, akaniuliza nina kilo ngapi. Jumamosi yake akanipitia kunipeleka mazoezini. Hiyo ni miaka minne iliyopita na sijaacha. Nina kilo 114, nacheza propu namba 3, yaani upande wa kulia wa mstari wa mbele kwenye skramu, pale timu mbili zinapoinama na kusukumana kugombea mpira. Mtaani wananitania kwamba naenda kucheza mpira wa kukumbatiana. Sijali. Mwili huu ambao kwenye daladala ni kero, kwenye skramu unatafutwa.

Timu za raga hapa Dar ni chache, tukitaka mechi ya maana tunapanda basi kwenda Arusha. Mwaka jana tulifika hadi Nairobi. Baada ya mechi kocha wa klabu moja ya kule alinifuata, akachukua namba yangu, akasema nikiwa tayari niende wakati wa maandalizi ya msimu, watanitafutia pa kulala na posho ya chakula na nauli. Mshahara hakuahidi. Nilimshukuru lakini kusema kweli sikulipa uzito, maana chakula na nauli hata Gerezani napata.

Mwezi uliopita ndipo akatokea wakala. Aliona video yangu mtandaoni, akanitafuta WhatsApp kwa namba ya nje. Anasema ana klabu ya Ufaransa inataka propu haraka. Mshahara yuro 1,800 kwa mwezi, nyumba na chakula juu ya klabu. Amenitumia mkataba, nimekuambatanishia. Anachotaka ni shilingi milioni 4.8 kwa ajili ya usajili, viza na bima, ziwe zimefika kabla ya mwisho wa mwezi. Anasema nitaingia na viza ya matembezi, nikifika klabu itabadilisha.

Mama yupo tayari kuuza kiwanja cha Chanika alichoacha baba, ishirini kwa ishirini, mteja ameshafika milioni 6. Anasema riziki haibishi hodi mara mbili. Mjomba, kaka yake mama, amekataa katakata. Anasema raga ni mchezo wa wazungu kujiburudisha, hakuna anayelishwa nao, niende VETA nikachukue cheti aniombee nafasi kwenye karakana ya mabasi ambako yeye ni dereva. Wamefikia hatua hawasalimiani, na chanzo ni mimi.

Naomba unisaidie. Tuuze? Raga kweli inalipa? Na kwa miaka 23 sijachelewa?

Afya yangu ni nzuri. Wiki mbili zilizopita tu niligongana kichwa na mwenzangu wakati tunamkaba mtu, nikazimika sekunde chache, nikaamka nikamaliza mechi. Nikiinama kwenye injini kichwa kinagonga kidogo lakini nikimeza Panadol kinatulia. Jumamosi hii tuna mechi, na wakala anataka video mpya.

Propu wa Mbagala

*

Marahaba, mwanangu. Jumamosi usicheze.

Umeandika kurasa mbili kuhusu kiwanja na mistari minne ya mwisho kuhusu kuzimika uwanjani, na hiyo minne ndiyo iliyofanya barua yako niitoe kwenye foleni. Daktari niliyemsomea hakungoja nimalize. Alisema mtu aliyepoteza fahamu hata kwa sekunde chache amepata mtikiso wa ubongo, na mtu ambaye kichwa kinamgonga akiinama baada ya wiki mbili bado hajapona. Panadol inakutulizia maumivu tu. Kesho asubuhi, kabla ya Gerezani, nenda hospitali ya Temeke, umweleze daktari yote kwa mpangilio: uligongwa lini, ulizimika, uliendelea kucheza, na kinachotokea ukiinama. Usiseme "kichwa kinauma" ukanyamaza, utapewa Panadol nyingine. Na wakati wowote ukianza kutapika, au maumivu yakazidi badala ya kupungua, au ukaanza kuchanganya maneno, au mkono ukaishiwa nguvu, usisubiri asubuhi, mwambie mama akupeleke usiku huohuo.

Najua vijana wa michezo mkisikia haya mnaona ni uoga wa akina mama. Basi nikupe habari ya propu mwenzako. Novemba 2019, fainali ya Kombe la Dunia kule Yokohama, Uingereza na Afrika Kusini. Namba 3 wa Uingereza alikuwa Kyle Sinckler. Dakika ya 3 tu ya mchezo akagongana na mwenzake wa timu moja, Maro Itoje, walipokuwa wanamkaba Mapimpi wa Afrika Kusini, akazimika. Kama wewe kabisa. Hawakumwuliza kama anajisikia vizuri, hawakumpa maji ya kichwa. Walimtoa na hakurudi, na Uingereza ikabaki na propu mmoja wa upande huo kwa karibu mechi nzima. Skramu yao ilisagwa siku ile na kombe wakalikosa, 32 kwa 12. Ukiona fainali ya dunia inakubali hasara hiyo, jiulize mechi yako ile ya kirafiki ilikuwa na uzito gani hata ikakubakiza ndani.

Kwenye raga ya kulipwa, mchezaji anayeshukiwa tu kuumia kichwa hutolewa dakika 12 apimwe. Aliyezimika hata kipimo hicho hapewi, siku yake imeisha. Na kwa wasiolipwa kama wewe, mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2023 unataka angalau siku 21 kabla ya kurudi kwenye mechi, na ndani yake siku 14 mfululizo bila dalili yoyote. Sasa hesabu vizuri. Zile siku 14 zinaanza siku dalili zinapokoma, na zako hazijakoma, kwa hiyo hujaanza hata kuhesabu. Daktari wangu alilirudia hili mara mbili: ubongo ambao haujapona ukigongwa tena unaweza kuvimba ghafla, na vijana ndio hasa wanaofia hapo.

Usipokufa kuna lingine. Steve Thompson alikuwa mstari wa mbele wa Uingereza iliyochukua Kombe la Dunia mwaka 2003, alisimama katikati ya mapropu wawili. Mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka 42, alitangaza kwamba ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na kwamba ile fainali aliyoshinda haikumbuki hata kidogo. Wachezaji wengi wa zamani wamefungua madai dhidi ya vyama vya raga kwa sababu hii. Sikuambii haya ili uache mchezo. Wengi wanacheza wanastaafu wazima, na sheria za leo ni kali kuliko za enzi zake. Nakuambia kwa sababu katika kazi unayoitaka mtaji ni huo mwili, na hakuna klabu ya kulipwa inayosajili mtu bila kumpima kwanza. Kichwa unachokificha Mbagala kitaonekana huko.

Na kama mtaji ni mwili wako, anayeutaka ndiye anayetoa hela. Hapo ndipo tunaingia kwa wakala.

Mkataba wako nimeusoma, mwanangu, tena kwa miwani. Juu una nembo ya klabu iliyokunjamana, inaonekana imenakiliwa mahali ikavutwa kwa ubavu. Barua pepe ya klabu ni ya bure, hata mimi ninayo ya aina hiyo. Mahali pa sahihi ya rais wa klabu pana muhuri na hakuna sahihi. Jina lako limekosewa ukurasa wa kwanza, la pili likawa sawa. Kifungu cha mwisho kinasema klabu inaweza kuvunja mkataba baada ya "majaribio ya wiki mbili" bila fidia. Nimetafuta mstari mmoja tu: ukivunjika goti nani anakutibu na nani anakulipa ukiwa kitandani. Haupo. Mkataba wa mchezaji wa raga usio na habari ya majeraha ni kama mkataba wa dereva usiotaja gari.

Lakini tuseme mimi ni mshuku tu. Kuna mambo hayahitaji miwani. Sheria ya michezo ya Ufaransa inamtaka wakala awe na leseni ya shirikisho la mchezo husika, na ujira wake usizidi asilimia 10 ya thamani ya mkataba. Leseni hizo hazifichwi, orodha ya mawakala hutangazwa na shirikisho lenyewe. Wakala wa kweli anakula kutokana na mkataba ukishasainiwa, kwa hiyo ana haraka ya wewe kupata kazi. Huyu wako ana haraka ya tarehe 30. Viza nayo: anayekwenda kufanya kazi Ufaransa huombewa kibali cha kazi na mwajiri akiwa bado hajaondoka kwao, ndipo anapeleka maombi ya viza ya kukaa muda mrefu ubalozini. Viza ya matembezi mwisho wake siku 90 na haikuruhusu kulipwa hata senti. Anayekwambia utabadilishia hukohuko anakuandalia maisha ya kujificha, yaani hata klabu hiyo ikiwepo kweli, ukidhulumiwa utamshitaki nani na wewe mwenyewe unawakwepa polisi?

Mzee mmoja aliyecheza ligi ya Kenya misimu kadhaa, ambaye nilimwomba anisaidie, aliniambia jambo lililonichekesha. Alisema propu namba 3 aliye mzuri ni bidhaa adimu dunia nzima, klabu zinagombania. Klabu inayogombania haimwombi mtu auze kiwanja, inamtumia tiketi.

Sasa swali lako la kama raga inalipa. Mjomba amekosea na hakukosea. Kwa zaidi ya miaka mia moja raga ya wachezaji 15 ilikataza malipo kabisa, daktari na mchimba makaa wote walicheza bure, au walijidai wanacheza bure. Ni tarehe 26 Agosti 1995 ndipo wakuu wa mchezo walipokaa Paris wakaruhusu watu walipwe. Kwa hiyo ajira hii ina umri mdogo kuliko daladala za Dar. Pesa nzuri ipo Ufaransa kwenye daraja la juu lenye klabu 14 na lile la pili, ipo Uingereza, ipo Japani, na kwa Afrika ipo Afrika Kusini. Chini ya hapo inakonda haraka. Ufaransa ina madaraja mengi, na kadiri unavyoshuka wachezaji wanafanya kazi zao mchana, wanafanya mazoezi jioni na kupewa posho. Na zile klabu za juu zinabanwa na kanuni ya kuwa na idadi maalumu ya wachezaji waliolelewa huko tangu ujana wao, kwa hiyo mgeni wa miaka 23 anapigania nafasi chache zilizobaki.

Hata huko juu hakuna pa kuegemea moja kwa moja. Wasps ya Uingereza ilikuwa bingwa wa Ulaya mara mbili, 2004 na 2007. Oktoba 2022 ilifilisika, wachezaji na wafanyakazi wakaachishwa kazi siku moja. Worcester ilikuwa imetangulia kuanguka wiki chache kabla, London Irish ikafuata 2023. Wachezaji wa timu za taifa walikuwa wanatafuta klabu katikati ya msimu kama vibarua wa bandarini. Ongeza hapo goti moja, bega moja, na ukweli kwamba wengi hawavuki miaka 35. Si pesa ya kujengea maisha peke yake, labda uwe miongoni mwa wachache sana.

Kuhusu umri nakupa habari njema. Hujachelewa. Winga anayetegemea mbio akifika 30 ameanza kuhesabiwa, ila propu huiva polepole, shingo na mgongo vinajengwa kwa miaka na ujanja wa skramu haufundishwi kwa msimu mmoja. Unamjua Tendai Mtawarira, yule waliyemwita Beast? Ni mtoto wa Harare. Alivuka kwenda Durban akiwa kijana anacheza nyuma ya skramu, huko ndiko walimu wakaona kwamba huyu ni propu, wakamsogeza mbele. Akafikisha mechi 117 za taifa la Afrika Kusini. Ile fainali ya Yokohama niliyokutajia, aliyekuwa anaisaga skramu ya Uingereza upande wa pili ni yeye, na alikuwa na miaka 34. Angalia njia yake ilivyokuwa: nchi ya jirani, chuo cha klabu yenye jina, kisha juu. Hakurukishwa kutoka mtaani hadi Ulaya na mtu wa WhatsApp.

Ndiyo maana nikifika kwa yule kocha wa Nairobi nakushangaa. Mtu alikuona kwa macho yake, amesimama kwenye nyasi uliyoikanyaga, akakufuata mwenyewe, akakuahidi kidogo anachokiweza na akakataa kukudanganya kuhusu mshahara. Wewe ukaona huyo si lolote. Kenya ndiyo raga ya ukanda huu ilipo. Kenya Cup, ligi yao kuu, ina klabu zenye mgongo: KCB ni ya benki, Kabras ya kule Kakamega inabebwa na kiwanda cha sukari, Strathmore Leos ni ya chuo kikuu. Hapo unaposukumana na mapropu wanaokuzidi ndipo utajua kama wewe ni mzuri au ni mkubwa tu. Kwa Dar, samahani, hilo huwezi kulijua, kwa sababu wanaokuweza ni wachache.

Utaona sifa nyingi za Wakenya zinatokana na raga ya wachezaji saba, ile ya dakika 14. Ndiyo iliyowapa kombe Singapore mwaka 2016 walipoipiga Fiji 30 kwa 7 kwenye fainali. Hiyo isikuchanganye. Kwa kilo 114 ile si ya kwako, utakimbizwa hadi ulie. Ya kwako ni ya watu 15.

Kabla hujapanda basi muulize kocha mambo haya bila haya: nitalala wapi na nani analipa, posho ni shilingi ngapi na inatoka tarehe ngapi, nikiumia bima ni ya nani, na kibali cha kazi mnanisaidiaje. Pasipoti inakuingiza Kenya, kufanya kazi kule ni habari nyingine. Muulize pia kama wafadhili wao wana karakana ya magari. Wewe unafikiri umeme wa magari ni kitu cha kuacha nyuma ukishakuwa mchezaji, kumbe kwa klabu isiyo na mshahara, mchezaji mwenye ufundi mkononi ni rahisi kumweka. Anaweza kula kwa jasho lake na kucheza jioni. Nairobi wana Grogan yao kama nyie mlivyo na Gerezani.

Na hapo mjomba ana hoja, ingawa ameitoa kwa ukali. Cheti. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa watu kama wewe mliojifunza kazi gereji: unapimwa unachokijua, unaongezewa unachokosa, unapewa cheti bila kuanza upya kama mtoto wa shule. Nenda Chang'ombe ukaulize. Wiki hizi ambazo huruhusiwi kukimbia ndizo za kwenda. Mweleze mjomba kwamba cheti utakichukua, na kwamba hukichukui ili uache raga. Atanung'unika, lakini mtu mzima akikubaliwa nusu ya jambo lake hulainika.

Kiwanja sasa. Mwambie mama, kwa heshima zangu zote, asipokee hata shilingi mia ya huyo mteja. Sababu ya kwanza umeshaiona. Ya pili hamkuniambia: mirathi ya baba ilifunguliwa? Kama kiwanja kilikuwa cha marehemu, hakiuzwi na mtu kwa sababu tu karatasi ziko kabatini kwake. Lazima ndugu wakae kikao, wampendekeze msimamizi wa mirathi, mahakama ya mwanzo imthibitishe, na wale wadogo zako wawili ni warithi sawa na wewe. Yule wa darasa la sita akikua akauliza sehemu yake ilikwenda wapi, utamwonyesha namba ya WhatsApp? Nendeni mkafungue mirathi hata kama hamuuzi. Mjomba awepo kwenye kikao hicho. Wanaweza wakaanza kusalimiana hapohapo.

Mama mwenyewe nisimlaumu. Mwanamke aliyefiwa, ana watoto watatu, mkubwa anaondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kugombania daladala, halafu mtu anamwambia yuro 1,800. Na mimi ningepiga hesabu.

Wakala mwandikie maneno machache tu: naomba namba ya leseni yako na jina la shirikisho lililoitoa, na klabu iniandikie yenyewe kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao. Gharama yoyote ikatwe kwenye mshahara wangu wa kwanza. Usimtukane, usibishane. Akikwambia nafasi imechukuliwa na mwingine, sema sawa. Hiyo namba na ule mkataba usivifute, vipeleke polisi, na ukitaka kujua kama mtu anayejiita wakala wa ajira za nje amesajiliwa hapa nchini, ofisi ya TaESA, wale wa huduma za ajira wa serikali, watakwambia.

Video mpya haina haja. Mtumie kocha wa Nairobi mechi nzima mliyocheza kule mwaka jana, kama kuna aliyeirekodi kwa simu, dakika zote 80. Usikate ukabakiza zile mbio zako mbili na trai, yaani pale ulipofunga. Anayetafuta propu anaangalia miguu yako inakaa wapi kabla skramu haijagongana, na unachukua muda gani kuinuka ukishaangushwa. Akija kukupima atakukimbiza ile wanayoiita Bronco: mita 20 kwenda na kurudi, 40 kwenda na kurudi, 60 kwenda na kurudi, hiyo ni moja, zinatakiwa tano bila kupumzika, mita 1,200 jumla. Daktari akishakuruhusu anza nayo pale Coco Beach asubuhi kabla jua halijawaka, kwanza kwenye nyasi, usikimbilie mchanga. Mara ya kwanza usishangae ukiishia ya tatu.